Hesabu Inayofunga Matawi ya Reli

Nimeisikia tena, na safari hii niliisikia ndani ya treni ya umeme, mahali ambapo nilidhani nitapumzika. Tulikuwa tumetoka Dodoma asubuhi na hatujafika Gulwe, nami nikafanya kosa la kumwambia kijana niliyekaa naye kwamba miaka mingi nilikuwa mhasibu wa gharama za usafirishaji katika kampuni ya washauri. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha jedwali alilokuwa akiliandaa, kisha akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza ubishi: "Mzee wangu, matawi ya reli hayakuuawa na mtu. Yalikuwa yanakula faida ya njia kuu, basi yakajifunga yenyewe."

Maneno hayo nimewahi kuyasikia kwenye kikao cha harusi, kwenye semina yenye bahasha, na mara moja msibani. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo, kwa hiyo nayajibu kwa maandishi.

Chukua behewa moja la alizeti linalopakiwa Singida kwenda Dar es Salaam. Kutoka Singida hadi Manyoni, tawi linapoungana na Reli ya Kati, ni kilomita 115 hivi. Kutoka Manyoni hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Desturi iliyozoeleka ni kuyagawa malipo ya mwenye mzigo kwa kilomita, hivyo katika kila shilingi 600 anazolipa, tawi huandikiwa kama 100 na njia kuu huandikiwa 500. Upande wa gharama, tawi hubebeshwa genge lake la kutunza njia, stesheni masta wake, mafuta yake, kichwa cha treni kinacholala Singida kikisubiri mabehewa yajae, na juu ya hayo yote sehemu ya mishahara ya makao makuu. Mwisho wa mwaka tawi linaonekana lina hasara, na njia kuu, ambayo imepokea shilingi 500 bila kumtafuta mteja, inaonekana ndiyo mwenye nyumba anayemlisha mpangaji mvivu.

Ni kama kuulaumu mto Bubu kwa wembamba wake huku ukiusifu mpunga wa Bahi.

Funga tawi hilo sasa. Unachookoa ni zile gharama za tawi ambazo kweli zitatoweka, na nitarudi kwenye neno "kweli" kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Unachopoteza si zile shilingi 100, bali zote 600, kwa sababu behewa hilo halitafika Manyoni kwa miguu. Kijana wangu wa kwenye treni alikuwa na jibu tayari: mkulima atapeleka mzigo Manyoni kwa lori, na pale utapanda treni. Nilimuuliza kama amewahi kushuhudia magunia yakihamishwa kutoka lori kwenda kwenye behewa. Hakuwahi.

Mimi nimeshuhudia. Lori linarudi nyuma hadi kwenye behewa, halifiki sawasawa, pengo linabaki, ubao unalazwa juu ya pengo. Makuli wanapatana bei, wanagoma kidogo, wanapatana upya. Gunia linashuka begani, linapita juu ya ubao, linatupwa. Kila gunia la kumi au la kumi na tano linachanika pembe, na kuku wa stesheni wanajua saa ya kazi hiyo kuliko stesheni masta mwenyewe. Mwenye mzigo anasimama pale kutwa akihesabu, kwa kuwa asipohesabu magunia yatapungua. Kazi hiyo ya ziada ameipata kwa sababu moja tu, kwamba mzigo wake umebadilisha chombo njiani. Lori lilelile lingeweza kuendelea kwa lami hadi Dar es Salaam, likapakuliwa mara moja mlangoni kwa mnunuzi. Mzigo ukishapanda lori hauteremki Manyoni ili kuifurahisha reli.

Uingereza walilipa ada ya somo hili mapema. Machi 1963 ilitolewa ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la huko, iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na njia za urefu wa maili 5,000 hivi. Matumaini mojawapo yalikuwa kwamba abiria wa matawi wangekwenda kwa gari hadi stesheni ya njia kuu, wakapanda treni pale. Wengi wao walipokwisha kukaa kwenye gari hawakuona sababu ya kushuka, wakaendelea nalo hadi mwisho wa safari. Hasara ya shirika haikuisha, kwa kuwa pamoja na matawi uliondoka pia mzigo ambao matawi yalikuwa yakiuleta. Baadhi ya njia zilizofungwa katika miaka iliyofuata zimerudishwa kwa gharama kubwa: ya kutoka Edinburgh kwenda Tweedbank ilifunguliwa 2015, na ya Okehampton ikarudishiwa abiria 2021.

Hoja ya kwamba "abiria wenyewe hawakuwapo" nitaipita haraka, kwa sababu imekwisha jibiwa na kila mtu aliyewahi kusubiri treni. Treni ya kila siku inafanywa kuwa ya mara tatu kwa wiki, kisha ya mara moja, kisha ya "itatangazwa". Kasi inapunguzwa kwa sababu mataruma hayabadilishwi. Halafu anakuja mtu na daftari kuhesabu abiria.

Nililichungulia jedwali la yule kijana, nikaona jambo lililonifanya nicheke kwa sauti hadi mama wa kiti cha mbele akageuka. Wastani wake wa mapato ya matawi ulijumuisha mwaka 2010. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliibomoa njia kuu kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde hilohilo la Mkondoa tulilokuwa tunalikaribia, na treni hazikupita kwa miezi. Kwa miezi hiyo behewa la Singida, Mwanza au Mpanda halikuwa na njia ya kufika bandarini hata lingejaa dhahabu. Katika jedwali lake, sifuri za njia kuu zilikuwa zimeandikwa kama uvivu wa matawi.

Sasa nirudi kwenye neno "kweli". Gharama inayohusika unapotaka kufunga tawi ni ile inayoepukika, yaani ile itakayokoma kulipwa kesho yake. Mafuta ya treni ya tawi yanaepukika. Mshahara wa genge unaepukika iwapo genge litapunguzwa, lakini mara nyingi linahamishiwa kwenye njia kuu, nao mshahara unahama pamoja nalo. Kichwa cha treni kinaepukika kikiuzwa au kikipata kazi nyingine. Kikisimama karakanani kikiota kutu, hujaokoa kitu. Sehemu ya mishahara ya makao makuu iliyobebeshwa tawi haiepukiki kabisa. Mkurugenzi hapunguzi mshahara wake kwa sababu Singida imefungwa. Mzigo huo utagawiwa upya kwa matawi yaliyobaki, na mwaka ujao tawi ambalo jana lilikuwa salama litaonekana nalo lina hasara. Nimewahi kuifanya hesabu hiyo kwa mkono wangu, kwa mteja nisiyemtaja: tuliondoa tawi la kwanza kwenye jedwali, la pili likaingia kwenye wekundu, tukaliondoa la pili, la tatu likaingia. Mkuu wangu alisema tumegundua ukweli. Nilimwambia kwamba tumegundua kugawanya. Hakupenda, na jedwali lilikwenda kwa mteja kama lilivyokuwa, likiwa na jina langu chini yake.

Lakini nisijifanye malaika wa matawi, kwa maana hapa ndipo na mimi ninapoyumba. Gharama "isiyoepukika" haiepukiki kwa muda fulani tu. Reli zikichakaa na madaraja yakihitaji kujengwa upya, kila kitu kinakuwa cha kuepukika, na swali linabadilika: je, utatumia fedha hizo kwa treni moja au mbili kwa wiki, mahali ambapo sambamba nayo kuna barabara ya lami ambayo serikali imekwisha kuilipia? Hesabu ya mapato yanayoletwa kwenye njia kuu huwa na nguvu pale njia kuu ina nafasi ya kubeba mzigo na vichwa vya treni vya kuuvuta. Njia kuu ikiwa yenyewe haina vichwa vya kutosha, behewa la tawi linagombania kichwa na behewa la mzigo wa Kigoma, ambalo pengine linalipa zaidi. Katika hali hiyo siwezi kuapa kwamba tawi linaongeza kitu. Nimewahi kutetea pande zote mbili kwa takwimu zilezile, na pande zote mbili zilinilipa.

Yapo pia matawi ambayo hata mimi ningeyatilia sahihi. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulijengewa tawi kutoka Msagali kwenda Kongwa, hapa hapa kwetu, mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha na udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, tawi lilibaki na kazi ya kusafirisha upepo. Reli ya Kusini, ya kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zilezile za Nachingwea, ilifungwa 1962 na reli zake zikang'olewa. Ningekuwa mhasibu wakati huo, ningeifunga. Kuing'oa ndiko ambako nisingekukubali, na leo Mtwara inapangiwa reli mpya hadi Mbamba Bay, kuanzia kwenye udongo mtupu.

Tofauti hiyo ya kusimamisha na kung'oa ndiyo ambayo wachumi vijana hawataki kuisikia, labda kwa sababu haiingii kwenye safu yoyote ya jedwali. Katika miaka ya 1930 tawi la Manyoni lilifika hadi Kinyangiri, mbele ya Singida. Katika miaka ya 1940 liling'olewa, bila shaka na watu waliokuwa na jedwali safi. Miongo michache baadaye, Tanzania huru ilirudi kujenga tena reli kutoka Manyoni hadi Singida: kutindua, kujaza tuta, kuweka makalvati, kumwaga kokoto, kulaza mataruma. Kwa upande mwingine, treni ya abiria ya Kaskazini ilisimama katika miaka ya 1990, lakini reli ziliachwa zimelala katika majani. Ndiyo maana Desemba 2019 abiria waliweza kufika Moshi tena kwa treni, na Oktoba 2020 wakafika Arusha. Kazi ilikuwa kubwa, nakubali, ila ilikuwa kazi ya ukarabati.

Kuna wanaonituliza kwa kusema kwamba reli mpya itayafufua matawi. Naipenda reli mpya. Ndiyo niliyokuwa nimeipanda, na chai yangu haikumwagika. Lakini reli mpya ina upana wa milimita 1,435, na matawi yana milimita 1,000. Behewa la Singida haliwezi kuendelea na safari juu yake, hivyo ule ubao, wale makuli na wale kuku watahitajika tena, isipokuwa mzigo uwe kwenye makontena na pawe na winchi. Anayedhani tofauti ya geji ni jambo dogo aende Kidatu, ambako reli ya TAZARA na tawi la Kilosa zinakutana bila kuungana. Hapo tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja, na inatosha kulazimisha kila mzigo uhamishwe.

Tulipofika Morogoro nilimwambia kijana aongeze safu moja kwenye jedwali lake: mapato ya njia kuu yaliyotokana na mzigo ulioanzia kwenye tawi. Alinishukuru kwa adabu, akachukua namba yangu, nami nikajua kwamba hatanipigia.

Alinipigia juzi. Safu ameiongeza, ina kichwa cha habari na rangi ya kijani, lakini haina namba hata moja ndani yake. Anasema ameulizia kila mahali, na rekodi alizopewa zinaonyesha mzigo ulipopimwa kwenye njia kuu, hazionyeshi ulikotoka kabla ya hapo. "Sasa Mzee, nyinyi mlikuwa mnazipata wapi?" akauliza.

Ilinibidi nimwambie kwamba sisi tulikuwa tunakadiria.