Mpaka husomwa kwenye mkataba kabla ya ramani

Mtu akitaka kujua nchi inaishia wapi hukimbilia ramani. Isipokuwa ile iliyoambatishwa kwenye mkataba wenyewe, ramani ni ushahidi dhaifu. Mpaka huandikwa kwanza kwa maneno, kisha wapima huenda uwandani kusimika bikoni, yaani nguzo za alama za mpaka. Ramani hufuata baadaye, na mchoraji aweza kukosea.

Tuuchukue mpaka wa Tanzania na Kenya. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yaliuanzisha mstari kwenye mdomo wa mto Umba, ukaelekea ziwa Jipe na kulizunguka kwa mashariki na kaskazini. Kisha uvuke mto Lumi, upite katikati ya Taveta na Uchagani, uambae chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, halafu unyooke hadi pale latitudo ya digrii 1 Kusini inapokata ufuo wa mashariki wa ziwa Victoria. Kona inayoonekana Kilimanjaro imetoka hapo. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mlima huo mjukuu wake Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani, haisimami, kwa kuwa Wilhelm alishika ufalme 1888, miaka miwili baada ya mstari kuandikwa.

Sasa yasome maneno hayo kwa jicho la mpima. Katikati ya Taveta na Uchagani ni wapi hasa? Chini ya mlima huanzia mwinuko gani? Hata mwanzo wa mstari ulilazimika kuandikwa upya mwaka 1893, ukahamia Ras Jimbo, kusini ya hapo, na ndiyo maana mji wa Vanga na mdomo wa Umba viko Kenya. Tume ya pamoja iliyopima kutoka ziwa Victoria hadi Kilimanjaro ilikuwa kazini 1904 hadi 1906, karibu miaka ishirini baada ya mkataba.

Bikoni ikishakubaliwa na pande zote mbili, hiyo ndiyo mpaka, hata kama haikukaa sawasawa na maneno ya mkataba. Kwa hiyo kung'oa bikoni si utundu mdogo. Tatizo kubwa la bikoni za zamani ni umbali: ukisimama kwenye moja huioni inayofuata, na mtu hulima au hujenga katikati akiamini yuko kwao. Dawa yake ni kusimika bikoni za kati zinazoonana, na kuacha ukanda mtupu usiojengwa pande zote mbili.

Kosa jingine hutokea mezani. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimetumia datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali simu na GPS hutumia nyingine, WGS84. Ukichukua majira ya bikoni, yaani namba za latitudo na longitudo yake, kwenye ramani hizo na kuyaingiza kwenye simu bila kuyabadilisha, utasimama takriban mita 300 kutoka ilipo. Mita 300 zinatosha kukihamishia kitongoji nchi ya pili! Kabla ya kubishana, uliza kwanza namba hizo ni za datamu ipi.

Mito na maziwa yana ugumu wake. Mto Songwe, mpakani mwa Tanzania na Malawi, huhama mkondo wakati wa mafuriko, na shamba lililokuwa ng'ambo hii huamkia ng'ambo ile. Katika ziwa Nyasa, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliupitisha mstari ufuoni upande wa mashariki, na Malawi imeshikilia maneno hayo. Tanzania hudai mstari wa katikati ya maji, na huelekeza kwenye Ibara ya 6 ya mkataba huohuo, iliyoruhusu mistari kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, 1964, linataka mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru iheshimiwe, lakini halisemi maneno ya mkataba yasomwe vipi.

Ndani ya nchi utaratibu ni mwingine kabisa. Kenya imeziorodhesha kaunti zake 47 kwenye Katiba, na kubadili mpaka wa kaunti kunahitaji pendekezo la tume huru na theluthi mbili Bungeni na katika Seneti. Tanzania, Ibara ya 2 ya Katiba humpa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, ila kwa Zanzibar hushauriana kwanza na Rais wa Zanzibar. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 kwa njia hiyo.

Ukiwa na mgogoro wa mpaka wa kijiji Tanzania, anza na Tangazo la Serikali lenye namba na mwaka, usome maelezo ya mipaka katika jedwali lake. Linganisha na ramani ya upimaji na cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha nendeni kwenye bikoni mkiwa na wazee na viongozi wa vijiji vyote viwili siku moja, kwa sababu mpaka ulioonyeshwa na upande mmoja hukataliwa na wa pili kesho yake.