Flotasio si kuosha madini

Hapa Lubumbashi flotasio, njia ya kutenganisha madini na jiwe tupu, inazungumzwa na kila mtu, kuanzia kwenye basi la Kipushi hadi kwenye vibanda vya mitaa yetu ya Kenya na Katuba. Na karibu kila mara nasikia maelezo yaleyale: wanaosha jiwe kwa maji, chepesi kinaelea, kizito kinazama. Wengine huongeza kwamba povu ndilo madini na kinachobaki ni uchafu. La kwanza si kweli hata kidogo. La pili ni kweli nusu tu.

Maana yenyewe ni fupi. Jiwe husagwa hadi liwe unga, huchanganywa na maji na dawa, kisha hewa hupulizwa ndani ya tangi. Punje za aina fulani hunata kwenye mapovu na kupanda nayo. Nyingine hubaki kwenye tope.

Uzito hauamui nani apande. Kalkopiriti, mojawapo ya madini ya shaba, ina uzito kama mara 4.2 wa maji; kwazi, jiwe tupu, ni kama mara 2.65 tu. Lakini kalkopiriti ndiyo inayopanda! Sababu iko kwenye ngozi ya punje. Dawa iitwayo zantati hujishika kwenye shaba kwa upande mmoja, na upande wa pili unaobaki nje unayakataa maji kama mafuta. Punje iliyovikwa hivyo huikimbilia hewa. Kwazi inapenda maji, basi inabaki humo. Wanaoosha dhahabu kwa karai kule Kivu ya Kusini ndio wanaotegemea uzito, na hiyo ni kazi nyingine.

Ndiyo maana malakiti yetu, yale madini ya shaba ya kijani, inasumbua. Zantati haiishiki vizuri, kwa hiyo kwanza hutiwa dawa yenye salfa ili ngozi yake ibadilike. Uzito wa malakiti unabaki uleule, na bado tabia yake ndani ya tangi inageuka.

Sasa tuje kwenye chuma, maana hapo ndipo maneno ya povu yanapovunjika. Kwenye migodi ya hematiti, madini ya chuma, ya Brazil, kwa kawaida kinachopandishwa juu ni kwazi. Hutiwa wanga wa mahindi unaoifunika hematiti isishikwe na dawa, kisha dawa iitwayo amini inayoishika kwazi, katika maji yenye pH ya karibu 10. Povu linabeba kwazi na kumwagwa pamoja na mabaki. Chuma kinatokea chini ya tangi. Mantiki yake ni nzuri: chuma kimeshakuwa kingi mle, kwazi ni chache, na ni nafuu kukiinua kilicho kidogo. Kwenye shaba hali ni kinyume, kwani mara nyingi shaba ni asilimia chache tu za jiwe, kwa hiyo inainuliwa yenyewe.

Basi, ndugu anayesema povu ndilo madini hajakosea akiwa anazungumzia konsantre (unga wenye shaba nyingi unaotoka kwenye flotasio) ya mgodi wa Kamoa. Akihamia kwenye chuma, aulize kwanza dawa iliyotiwa inashika nini, kabla hajasema kipi kinauzwa na kipi kinatupwa.