Homoni inayookoa chumvi kwenye utumbo mpana

Mtu aliyetolewa utumbo mpana wote na kuwekewa mfuko wa haja kubwa tumboni hurudi nyumbani akapokewa na nasaha za kila anayempenda: punguza chumvi, kunywa maji mengi. Kwa wengi wetu huo ni ushauri mwema. Yeye unaweza kumrudisha wodini, na sababu yake inapaswa kujulikana na wanaompikia, si na madaktari peke yao.

Kila siku lita moja na nusu hivi ya majimaji hutoka utumbo mwembamba na kuingia utumbo mpana, yakiwa na sodiamu nyingi, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi. Mtu mwenye afya akienda haja, maji yanayotoka na kinyesi kwa kawaida hayazidi mililita 200 kwa siku, na sodiamu iliyomo ni kidogo sana. Wengi hudhani utumbo mpana ni njia ya taka tu. Kumbe ndio unaokamua chumvi na maji yaliyosalia na kuyarudisha kwenye damu.

Ukamuaji huo huongezeka au kupungua kwa amri. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, adrenali, inayotoa homoni ya aldosteroni, iliyotambuliwa mwaka 1953. Mwili ukipungukiwa chumvi, figo humwaga kemikali iitwayo renini, renini huzaa homoni ya angiotensini, nayo angiotensini huiamsha adrenali. Aldosteroni hufanya kazi yake kubwa kwenye figo, lakini hufika pia sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Huko huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, na jeni huanza kutengeneza protini mpya. Ndiyo maana nguvu yake kamili huonekana baada ya saa kadhaa.

Protini zinazohusika hasa ni mbili. Upande wa kinyesi kuna mlango wa sodiamu, ENaC. Upande wa damu kuna pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kila inapozunguka. Pampu ikiishusha sodiamu ndani ya seli, ile iliyo utumboni huingia kupitia mlango, na maji huifuata. Potasiamu nayo huvuja kuelekea utumboni, ndiyo maana kinyesi huwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Jeni ya mlango huu ilipotafutwa na watafiti wa Lausanne, Uswisi, mwaka 1993, waliichukua kwenye utumbo mpana wa panya walionyimwa chumvi. Walichagua vizuri: mnyama aliyenyimwa chumvi ana aldosteroni nyingi, na milango hiyo hujaa utumboni mwake.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Adrenali zake zinatoa aldosteroni kwa wingi, ila utumbo wa kuitii haupo. Figo hujitahidi peke yake na mkojo unakuwa mchache. Mfukoni anaweza kupoteza gramu 3 za chumvi kwa siku, hata zaidi. Akinywa maji matupu kwa wingi, sodiamu huvutwa kutoka kwenye damu kuingia utumboni na kuishia mfukoni, naye anabaki na kiu. Kizunguzungu anaposimama, misuli kukakamaa, mkojo mchache wa rangi nzito: msiseme ni uchovu wa upasuaji. Mpelekeni kituoni. Mara nyingi anachohitaji ni ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari, pamoja na chumvi kiasi katika chakula, kwa kipimo atakachopewa, hasa kama ana shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo.

Aliyekatwa kipande tu cha utumbo mpana, na haja bado inapita katika uliobaki, kwa kawaida hayumo katika hesabu hii, kwa kuwa sehemu iliyobaki huendelea kukamua. Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali, waulizeni waliomfanyia upasuaji ni utumbo upi uliotolewa na ni upi uliobaki, na mwombe jibu liandikwe kwenye daftari lake la kliniki.