Kurudisha kilomita nyuma: maana yake na unavyoweza kuigundua

Mnunuzi wa gari lililotumika haachi kuuliza, "Limetembea kilomita ngapi?" Jibu linasomwa kwenye odomita, ile namba ya dashibodi inayojumlisha umbali wote tangu gari litoke kiwandani. Kurudisha kilomita ni kuipunguza namba hiyo kwa makusudi: gari lililotembea 160,000 linasoma 80,000, na bei inapanda.

Zamani odomita ilikuwa vigurudumu vyenye namba, vikizungushwa na kebo kutoka kwenye giaboksi. Aliyetaka kuichezea alifungua dashibodi kwa bisibisi, na mara nyingi namba zilibaki zimepishana, hazikai mstari mmoja. Siku hizi hesabu iko kwenye chipu. Mtu anachomeka kifaa chake, anaandika namba anayoitaka, na baada ya dakika chache hakuna hata mkwaruzo. Si kila hesabu iliyobadilika ni wizi, lakini. Dashibodi ikifa na kuwekwa nyingine, namba huenda isiwe ileile tena. Muuzaji mkweli atakueleza hilo kabla hujauliza.

Magari yetu mengi, Tanzania na Kenya, yanatoka Japani, na Wajapani wanaandika kila kitu. Gari jipya la mtu binafsi huko hupita ukaguzi wa lazima uitwao shaken baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita zake hurekodiwa. Namba hizo huonekana pia kwenye cheti cha kufuta usajili kinachotolewa gari linaposafirishwa nje. Karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani huko, nayo huandika kilomita, pamoja na tahadhari pale mkaguzi alipotilia shaka. Basi omba nakala zote mbili, ulinganishe na namba ya chasi iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Ukiletewa picha ya karatasi kwenye WhatsApp, usiishie hapo, kwani picha hurekebishwa kirahisi kuliko odomita.

Niliwahi kumsindikiza binamu yangu kutazama Toyota IST. Dashibodi ilisoma 78,000. Tulipofungua mlango wa dereva, kwenye fremu kulikuwa na stika ndogo ya kubadilisha oili, maandishi ya Kijapani, ila tarakimu tulizielewa: 112,400 km, na tarehe 27.4.12. Hiyo 27 ni mwaka wa Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani. Ukijumlisha 1988 unapata 2015. Yaani miaka kadhaa kabla halijapanda meli, gari lilikuwa limeshapita namba tuliyokuwa tunaonyeshwa. Aliyeisafisha dashibodi hakuikumbuka stika. Angalia pia chini ya boneti: mkanda wa taimingi ukibadilishwa, huachwa stika yenye kilomita za siku hiyo, na kwa injini nyingi za Kijapani zenye mkanda kazi hiyo hufanywa karibu na 100,000.

Uchakavu nao unasema, ingawa si ushahidi kamili. Usukani uliolainika mpaka unang'aa, siti ya dereva iliyolala upande wa mlangoni, mpira wa pedali ya breki ulioliwa. Na ukikuta mpira mpya kabisa kwenye gari la "kilomita 50,000", jiulize ule wa kwanza uliisha vipi. Fundi mwenye mashine ya kupima anaweza kusaidia zaidi, kwa sababu kwenye baadhi ya magari kilomita hubaki pia kwenye kompyuta nyingine, kama ya giaboksi au ya breki, ambazo mchezaji hakuzigusa.

Gari lililokwisha tumika hapa nyumbani ndilo gumu zaidi, maana karatasi za Japani ziliishia bandarini. Hapo piga hesabu tu. Teksi ya mtandao inayokwenda kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inakula 45,000 kila mwaka. Ikiwa imefanya kazi hiyo miaka 4 na dashibodi inasoma 95,000, mwambie dalali akuonyeshe risiti za gereji zenye tarehe na kilomita, moja baada ya nyingine.