Chenso na gogo nene: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kweli

Ukipita Mufindi, Njombe au Rungwe utaiona mikaratusi mikongwe kandokando ya mashamba ya chai na kwenye viwanja vya misheni, mingine minene kiasi kwamba watu wawili hawaikumbatii. Misindano (misonobari) ya shamba la miti la Sao Hill haiwasumbui wapasuaji kwa unene, kwani huvunwa ingali ya kiasi. Kazi ipo kwa mti mgumu ulioachwa ukanenepa miaka mingi. Siku ukianguka, kila mtu ana lake la kusema, na mengi ya hayo huishia kuharibu gogo, mashine au mguu wa mtu.

Msimamo wangu ni huu: chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini, ilifungue gogo, mashine ya mbao ipasue. Ukiipa chenso kazi zaidi ya hiyo inakula mbao. Ukiipa pungufu, mali inaozea porini.

"Gogo lisiloingia kwenye mashine ni la mkaa."

Dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao yenye msumeno wa duara, haiwezi kukata kina kinachozidi nusu ya upana wa diski yake, na hapo bado hujatoa nafasi ya mhimili wa katikati. Diski ya sentimita 120 inaishia kwenye kina cha 50 na kidogo. Mashine nyingi ndogo za msumeno wa ukanda nazo hukomea kwenye magogo ya sentimita 60 hadi 90. Kwa hiyo gogo la mita moja linakataliwa, na mwenye mti anashauriwa aite wachoma mkaa.

Lakini gogo hilo ndilo lenye mbao pana na safi. Chukua kipande cha mkaratusi chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3: ujazo wake ni kama mita za ujazo 2.4, na kwa kuwa mkaratusi mbichi una uzito unaokaribia wa maji, hapo pana zaidi ya tani mbili. Hakuna vijana wa kulibeba. Likipasuliwa nusu, bado kila nusu ni tani moja na ushee, tena upande wake uliopasuliwa una upana uleule wa sentimita 100, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika mashineni. Likipasuliwa robo, kila kipande kina pande mbili za sentimita 50 na uzito wa kilo 600 hivi. Hicho kinasukumwa kwa mitaimbo na magogo ya kuviringishia, na mashine inakipokea.

Robo ina faida nyingine. Mti unapokauka hunywea kufuata duara la pete zake karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka gome kwenda moyoni. Ubao unaotolewa kwenye robo, ukielekezwa moyoni, hupindapinda kidogo kuliko ubao uliokatwa juujuu. Mafundi wa milango wanaujua, na wanaulipia.

"Bapa lazima liwe refu kuliko gogo."

Bapa ni kile chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo. Dhana hii imewafanya watu wakodi mashine kubwa kwa bei ya kuumiza bila sababu. Bapa la sentimita 60 linalifungua gogo la mita moja vizuri kabisa: unakata juu hadi kupita moyo kidogo, unaligeuza gogo, unakata upande wa pili hadi njia mbili zikutane.

Ugumu uko kwenye mistari. Kabla gogo halijasogezwa hata kidogo, teremsha timazi kwenye kila kichwa, piga mstari unaopita moyoni, kisha unganisha vichwa viwili kwa uzi uliochovywa kwenye maji ya unga wa mkaa, juu na chini ya gogo. Anayepiga mstari wa juu tu, akakata, akaligeuza ndipo atafute mstari wa pili, atapata ngazi katikati ya gogo, na ngazi hiyo inaweza kula ubao mzima. Kichwa kikiwa tayari kina ufa mkubwa, elekeza mstari ufuate ufa huo, maana mbao ya pale imeshapotea.

Toa gome kwa panga kando ya mstari mzima. Tope jekundu lililokaukia kwenye gome linaua makali ya mnyororo kabla hata hujagusa mti wenyewe. Kata kwanza mfereji wa kina cha sentimita 5 hadi 10 kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo urudi kuuzamisha kwa awamu. Gogo liwe limelazwa juu ya vipande vya miti ili bapa likitokea chini lisikute udongo, na liwe limekwamishwa pande zote mbili. Miteremko ya Kilolo na Rungwe haina huruma na gogo la duara.

"Kupasua kunataka mnyororo maalumu."

Hapa ukweli umegawanyika. Ukikata ukiwa umelaza bapa kufuata urefu wa gogo, meno yanachonga nyuzi kwa ubavu na kutoa maranda marefu kama tambi. Mnyororo wa kawaida, ulionolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 35, unaiweza kazi hiyo, tena kwa kasi. Tatizo pekee ni kwamba maranda hayo hujaa kwenye kifuniko cha upande wa gia na kuziba. Liinamishe bapa kidogo ili yatoke mafupi, na kabla ya kuingiza kidole kuyatoa, zima injini.

Ukitumia fremu ya kuongoza chenso kutoa mbao, bapa linakaa limekingama na meno yanakutana na ncha za nyuzi. Huko ndiko mnyororo wa pembe ndogo, digrii 10 hivi, unakotoa uso laini. Anayeanzia kwenye kichwa cha gogo bila fremu, akishuka kwa bapa lililokingama, anakutana na ncha zilezile kwa mnyororo usiofaa. Anatumia petroli nyingi, anapata vumbi jingi, na bado anashangaa mbona hasogei.

"Mti mgumu unataka vinundu vishushwe."

Kinyume chake. Kinundu kilicho mbele ya kila jino ndicho kinachopima jino lizame kiasi gani. Kwenye minyororo mingi huwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kikishushwa mno, jino linang'ata kuliko nguvu ya injini, mashine inatetemeka, na hatari ya bapa kuruka usoni inaongezeka. Noa jino lenyewe. Makali yakiwepo unaona maranda. Yakiisha unaona unga na moshi. Anayeona moshi akazidi kukandamiza, huyo anatafuta kununua bapa jipya.

"Mashine imechoka, haina nguvu kama ilipotoka dukani."

Hili nalisikia sana kwa watu waliopandisha chenso kutoka Dar es Salaam. Mafinga iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa pwani inaendelea kumwaga petroli ileile wakati hewa imepungua. Plagi inakuwa nyeusi, moshi unaongezeka, nguvu inashuka. Fundi asiyejua anabadilisha pistoni. Dawa ni kupunguza petroli kwenye skrubu ya kasi kubwa, ingawa sehemu ya nguvu iliyopotea hairudi, kwani hewa haitengenezwi kwa bisibisi.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa kushuka. Chenso iliyopunguziwa petroli Mafinga ikipelekwa Kyela, mita 500 hivi tu, inakuta hewa nzito na kufanya kazi na petroli haba. Inalia vizuri, ina kasi ya kupendeza, halafu pistoni inakwama katikati ya gogo. Kupasua ni kazi ya kukanyaga mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo, tofauti na kuangusha mti, kwa hiyo kosa dogo la kabureta linaonekana hapa kwanza. Irekebishe kila unapobadilisha mwinuko, isipokuwa kama ni zile zinazojirekebisha kwa umeme. Na ukimaliza mkato mrefu, iache iungurume taratibu kidogo kabla ya kuizima.

Kuhusu oili: ya kuchanganya na petroli fuata kitabu cha mashine, wengi husema mililita 20 kwa lita moja. Ya kulainisha mnyororo isiwe oili chafu ya gari. Ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na bapa, na inakurukia mikononi na usoni siku nzima.

"Kabari na nyundo zinatosha, chenso ni anasa."

Kwa kuni, sawa. Kwa mbao, kabari inafuata nyuzi na chenso inafuata mstari, na mti mnene ambao nyuzi zake zimejizungusha utakupa nusu mbili zilizopinda mfano wa pangaboi. Mkaratusi una tabia hiyo mara nyingi. Kabari zina kazi yake humohumo: zipigwe nyuma ya bapa ili njia isibane. Ziwe za mti mgumu au plastiki, kwa sababu mnyororo ukigusa kabari ya chuma, utautafuta vichakani.

Mkaratusi una jambo jingine linalowashtua wageni. Mti ukiwa hai, sehemu ya nje inavutwa kwa urefu na ya ndani inabanwa. Ukipasua kupita moyoni unakata mshikamano huo: nusu zinaachana ghafla, kila moja ncha zake zikipinda kuelekea gome. Wengine hulaumu mkono wa mpasuaji. Mkono hauna kosa, mti ndio unaojinyoosha. Dawa ni kukata vipande vifupi kwanza. Upindaji huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu, hivyo gogo la mita 6 likigawanywa mawili ya mita 3, mpindo wa kila kipande unashuka hadi robo. Usimame pembeni, kamwe usikae kati ya vichwa vinapofunguka.

"Acha likauke kwanza, litakuwa jepesi."

Litakuwa jepesi kidogo na gumu zaidi, lenye nyufa za nyota zinazoingia ndani kila wiki. Mti mbichi hukatika vizuri kuliko mkavu. Pasua mapema, paka vichwa rangi nzito au nta, peleka mashineni.

"Kama chenso inafungua gogo, basi imalizie mbao."

Njia ya chenso ina upana wa milimita 8 au 9. Ya msumeno wa ukanda ni 2 au 3. Ukitoa mbao za inchi moja kwa chenso, kila mikato mitatu imekula ubao mmoja. Kwa ukanda unafika karibu mkato wa kumi ndipo upoteze ubao huo. Mkato mmoja au miwili ya kupita moyoni haina hasara kubwa, maana mbao ya moyoni hupasuka na kupinda hata ungeitunza. Kumi na miwili ni hasara tupu. Ninaikubali tu pale ambapo gogo liko bondeni na hakuna trekta linaloshuka.

Na haya madogo

Mti wa uani una misumari, waya za seng'enge na ndoano za kamba za nguo. Doa la bluu-nyeusi kwenye kichwa cha mkaratusi au muwati mara nyingi ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya mti wenyewe. Usipitishe mnyororo hapo. Mvule hauhitaji msumari: wenyewe hujijengea mawe ya chokaa ndani, na meno huisha ghafla bila dalili nje. Vumbi lake, na la mninga, huwasha pua na kifua cha wengi, kwa hiyo kitambaa cha puani si uoga. Wala vizuia sauti si uoga: chenso hupita desibeli 100, na masikio yaliyoharibika hayana spea.

La mwisho ni lile la "mti uko shambani kwangu, nani ataniuliza?" Mninga, mvule na mkangazi ni miti inayolindwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na kuota kwake shambani kwako hakukupi ruhusa ya kuikata bila kibali. Hata mkaratusi wako uliopanda mwenyewe, ukishaupakia kwenye gari, utaulizwa hati ya kusafirishia kwenye kizuizi. Ofisi ya misitu ya wilaya ndiyo ya kuanzia, kabla ya kituo cha petroli.