Nyani wa leo si babu yetu
Swali linaloulizwa sana hapa Kisumu, darasani na hata matangani, ni hili: ikiwa binadamu alitokana na nyani, mbona nyani wangalipo? Ni swali la haki, ila msingi wake una kasoro, kwani elimu ya mageuko, yaani ya jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, haisemi kwamba nyani tunaowaona leo walituzaa. Inasema kwamba sisi na wao tuna mababu wa pamoja walioishi zamani sana. Binamu yako hakukuzaa, na kuzaliwa kwako hakukumwondoa duniani.

Ushahidi uko karibu nasi, kisiwani Rusinga, ambako mwaka 1948 mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey aligundua fuvu la Prokonsuli, mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mifupa ya jamii yake, iliyohifadhiwa na majivu ya volkano ya Kisingiri, inastahili kutazamwa kwa makini: hakuwa na mkia, kama sisi na sokwe, lakini alitembea kwa miguu minne juu ya matawi, jinsi tumbili wafanyavyo. Mchanganyiko huo wa sifa ndio tunaoutarajia ikiwa sisi na wao tuna mababu wa pamoja. Ukoo wetu ulitengana na wa sokwe baadaye sana, yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kama visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) na chembe za urithi za viumbe walio hai zinavyoonyesha.