Paipu za tabo: chumvi ya Japani, maji ya bomba la Kampala

Afande mmoja mstaafu aliniletea Subaru Forester yake hapa Ndeeba, Kampala, na lalamiko fupi: "Fundi, gari inakunywa maji, na chini ni pakavu." Ukisikia hivyo kwenye injini ya Subaru ya EJ20 yenye tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi), usikimbilie kufungua silinda hedi. Fungua boneti injini ikiwa moto, unuse. Kukiwa na harufu tamutamu ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, nyuma ya injini upande wa kulia, ndipo tabo ilipokaa, ujue maji yanadondokea ekzosi na kukauka kabla hayajagusa ardhi.

Nilimulika kwa tochi na kioo kidogo. Paipu ya maji iliyojificha chini ya bati la kuzuia joto ilikuwa imevimba na kubanduka kama gome la mti. Niliigusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama.

Tabo ya gari kama hii huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti yake haigusi chuma: inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili inaletwa kwa shinikizo na paipu nyembamba, kisha inateremka yenyewe hadi kwenye injini kupitia paipu nene. Maji nayo yanauzunguka mwili wa katikati wa tabo, penye beringi za shafti. Watu wengi hudhani kazi ya maji ni wakati wa kukimbia tu. Kumbe ukizima gari, pampu ya oili inasimama papo hapo, ilhali joto la upande wa ekzosi linaendelea kupenya kuelekea kwenye beringi. Maji yaliyopata moto hupanda yenyewe hadi kwenye tangi dogo lililo juu ya tabo, na mengine yanaingia mahali pake. Yakipungua, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa masizi magumu.

Sasa kutu. Paipu hizi ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na joto la tabo huimaliza zinki hiyo taratibu. Magari yetu mengi yametembea kwanza Japani, ambako sehemu zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani. Chumvi hujificha chini ya vishikizo na pale mpira unapovalia paipu, halafu tope letu la murram linakaa juu yake likishika unyevu msimu mzima wa mvua.

Hiyo ni kutu ya nje. Ya ndani tunaitengeneza wenyewe, kwa kujaza maji ya bomba badala ya kulanti. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Maji matupu hayana. Tena Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 96. Ndani ya gari yanavumilia zaidi kwa sababu mfuniko unashikilia shinikizo. Tundu la sindano kwenye paipu linatosha kulipoteza, na pa kwanza kuchemka ni ndani ya tabo.

Afande alitaka tukachomelee Katwe, mtaa wa mafundi vyuma hapa Kampala. Nawaheshimu sana mafundi wa Katwe. Wanatengeneza mashine kutoka vyuma chakavu. Lakini chuma kilicholiwa na kutu hakina nyama ya kushika ulehemu: unaziba hapa, kinatoboka pembeni. Kwenye paipu ya oili ni hatari zaidi. Niliwahi kupokea gari ambalo gereji moja ilichomelea paipu ya kuleta oili, chembe za ulehemu zikabaki ndani. Zilifika kwenye beringi, na mwenye gari akanunua tabo nzima kwa kuokoa bei ya paipu. Afande akaniuliza, basi tukate tufunge mpira wa petroli na klipu? "Afande, huo mpira utaharibika kwa joto, oili imwagike kwenye ekzosi iliyo moto. Utakimbia na gari nyuma yako inawaka." Akacheka, akatoa pesa ya spea.

Spea zenyewe zina mtego. Tangu sheria ya 2018, Uganda haipokei gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo Forester za umbo hili hazitoki tena bandarini. Paipu iliyotumika utakayoipata Kisekka, soko la spea la Kampala, ni rika moja na ile unayoitupa. Ya maji naweza kuikubali nikiipuliza, nikaigonga na kuichungulia ndani. Ya oili nanunua mpya, au mpira wenye tefloni ndani na waya wa chuma kisichoshika kutu nje, wenye tundu la ukubwa uleule. Usidanganywe kwamba pana ndiyo bora: oili ikizidi inavuka sili za tabo (vizuizi vya oili), na gari inatoa moshi wa buluu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Jioni nilimwagia bolti dawa ya kulegeza kutu, asubuhi nikatoa intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyo juu ndipo nikaifikia tabo. Bolti iliyoshikana naikaza kidogo kwanza, kisha nailegeza. Ukiivuta kwa hasira inakatika ndani na siku yote imepotea. Kila tundu nililolifungua nililiziba kwa kitambaa safi. Pete za shaba pande zote mbili za kichwa cha paipu ziwe mpya. Silikoni na utepe wa kuzibia maji visikaribie njia ya oili, maana vipande vyake huziba palepale kama ulehemu. Kwenye injini hizi utakuta pia kichujio kidogo ndani ya bolti ya oili. Cha Afande kilikuwa cheusi tii. Wengine hukitupa, mimi naweka kipya, na namwambia mwenye gari abadilishe oili kila kilomita 5,000.

Bolti zote nazianza kwa mkono, paipu ikae bila kulazimishwa, ndipo nakaza. Kishikizo cha paipu kinarudi mahali pake, hata kama kinasumbua, kwa sababu paipu inayotikisika bila kishikizo hupasuka shingoni.

Kabla ya kuwasha, nilidondosha oili safi kwenye tundu la tabo, nikatoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikazungusha injini kwa starta sekunde chache chache hadi taa ya oili ikazima. Kisha fyuzi ikarudi, gari ikaunguruma taratibu bila kukanyagwa, mbele imeinuliwa, hita imefunguliwa, nami najaza kulanti polepole hadi viputo vikaisha.

Afande alirudi baada ya safari ya Masaka. Nilipitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo, ikatoka kavu. Klipu moja tu ya mpira niliiongeza nusu mzunguko.